MGB ya Moshi: masimulizi ya ukoo na ushahidi wa chuma

Katika gereji moja ya Majengo, Moshi, limo gari dogo jekundu la michezo la viti viwili, MGB ya Kiingereza, ambalo wenyewe wanaeleza kwamba babu yao alilinunua jipya mwaka wa Uhuru, 1961. Waliponiomba nifuatilie asili yake, ilinibidi niwaeleze kwanza, kwa heshima zote, kwamba mwaka huo gari la aina hiyo halikuwapo sokoni, kwa kuwa MGB ilizinduliwa mwaka 1962.

Jina MG linatokana na Morris Garages, biashara ya William Morris mjini Oxford, ambako meneja wake, Cecil Kimber, alianza katika miaka ya 1920 kuzivika chesesi za Morris za kawaida bodi nyepesi za michezo. Baadaye kazi ilihamia Abingdon, na kiwanda hicho kilitoa MGB zaidi ya 500,000 kabla ya kufungwa mwaka 1980. Tofauti na MGA iliyoitangulia, MGB haina chesesi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo fundi aliyezoea Land Rover, yenye chesesi yake, akiiona kutu chini ya milango asiipige rangi tu, kwani hapo ndipo penye uti wa mgongo wa gari.

Kadi ya gari iliyopo ni nakala ya baadaye, haisaidii sana. Kibati cha kiwandani chenye namba ya utambulisho wa gari kinasema zaidi. Kinaanza na GHN3: G ni MG, H ni kundi la injini za sentimita za ujazo 1400 hadi 1999, na N ni gari la viti viwili. Lingekuwa la usukani wa kushoto, herufi L ingefuata. Hilo linaliondoa katika kundi kubwa lililopelekwa Marekani, lakini halithibitishi kwamba lililetwa moja kwa moja Afrika Mashariki, maana Waingereza nao huendesha upande huohuo.

Kilichonifurahisha zaidi ni vitasa vya milango, ambavyo ni vile vya zamani vya kuvuta, vilivyoachwa mwaka 1965, ilhali namba ya injini inaanza na 18GB, alama ya injini ya lita 1.8 yenye beringi kuu (zinazoshikilia kranki) tano badala ya tatu, iliyoanza kufungwa mwishoni mwa 1964. Kama injini hiyo ni ya tangu kiwandani, gari limeundwa katika miezi michache kati ya mabadiliko hayo mawili.

Neno "kama" lina uzito hapo, kwa sababu injini hubadilishwa. Kumbukumbu za kiwanda zinatunzwa Gaydon, Uingereza, na cheti kinachotolewa huko huonyesha tarehe ya kuundwa, rangi ya awali, namba ya injini na mahali gari lilikopelekwa. Familia imekubali kukiomba. Mimi naisubiri hasa ile namba ya injini. Wao wanasubiri rangi, kwa kuwa chini ya zulia la buti tumekuta kijani.