Jino moja tu la mkanda wa taiming

Wiki tatu Corolla yangu ya 1993, injini ya 4A-FE, ilinitoa jasho. Mlima Kitonga ilipanda kwa gia ya kwanza, inapiga mafataki kwenye ekzosi na kunywa mafuta vibaya. Nikabadilisha plagi, waya na kifuniko cha distribyuta (kinachogawa umeme kwa plagi). Wapi!

Jumamosi nikaazima taa ya taiming, inayoonyesha plagi inachoma wakati gani. Nikaunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia gari (bila hivyo kompyuta inabadilisha taiming yenyewe na kipimo kinadanganya), nikamulika puli. Plagi inatakiwa ichome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nikazungusha distribyuta hadi mwisho wake, alama haifiki. Hapo nikajua tatizo si distribyuta, ni mkanda wa taiming, unaozungusha kamshafti (shafti inayofungua vali) pamoja na injini.

Nikafungua kava, nikaweka puli ya chini kwenye 0. Tundu la gia ya kamshafti halikulingana na alama yake: jino moja! Mkanda ulifungwa hivyo gereji, miezi miwili nyuma. Nimeumia sana.

Nikaurudisha, nikazungusha injini kwa spana mizunguko miwili, alama zikakutana. Nikawasha. Jamani, ule utulivu! Jana Kitonga nimepanda na gia ya tatu.