Nilivyojifunza kutafuta uyoga wa moreli Michigan

Sisi tuliokulia Iringa hudhani kwamba tunaujua uyoga, maana mvua zikishaanza mtoto hufuata wakubwa porini na kurudi na kapu. Nilipohamia Michigan, Marekani, niliamua kuyaweka maarifa hayo kando. Uyoga wetu wa kichuguu tunautambua kwa mzizi wake mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa, na misitu ya huku haina vichuguu. Uyoga mweupe wa huku unaofanana na wa kwetu unaweza kuwa sumu kali. Wapo wahamiaji kutoka Asia waliokula Amanita phalloides, uyoga wenye sumu inayoua, nchini Marekani wakidhani ni uyoga wa kwao.

Kwa hiyo nilijifunza aina moja tu, moreli, ambayo huota katika majira ya machipuko, kuanzia mwishoni mwa Aprili kusini mwa jimbo na Mei kaskazini, udongo unapofikia joto la nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Kofia yake ina vishimo kama sega la nyuki, na ukiupasua kwa urefu unakuta uwazi mmoja kutoka kwenye kofia hadi chini ya shina. Uyoga wa jamii ya Gyromitra, ambao watu hukosea wakadhani ni moreli, una mikunjo badala ya vishimo, na ndani yake mna nyamanyama au vyumba vyumba. Sumu yake ikiingia mwilini hubadilika kuwa kemikali ambayo wahandisi huitumia kuendeshea roketi. Mimi hupasua kila mmoja, hata ule ambao sina shaka nao.

Mama mmoja mzee, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kwamba anayetafuta moreli hutafuta mti kwanza. Tulitembea tukitazama juu, tukitafuta miti iitwayo mielmi iliyokufa karibuni ambayo magome yake yameanza kubanduka, kisha ndipo tukainama na kupekua majani makavu kwa fimbo. Mwanzoni mwa msimu tulikwenda kwenye miteremko inayoelekea kusini, ambayo hupata joto mapema, na baadaye tukahamia ile ya kaskazini. Moreli hupatikana pia katika mashamba ya zamani ya matufaha, lakini huko siendi, kwa sababu miti hiyo ilinyunyiziwa kwa miaka mingi dawa ya wadudu yenye madini ya risasi na aseniki, na sumu hizo hubaki ardhini. Suruali huichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, ambao huku hueneza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria.

Jikoni sina haraka. Moreli mbichi ina madhara, na mwaka 2023 huko Montana watu 51 waliugua, wawili wakafariki, baada ya moreli kuandaliwa mkahawani mbichi au bila kuiva vizuri. Nilikaanga kwa kitunguu hadi maji yote yakakauka, nikaongeza karanga za kusaga na maji kidogo, nikaacha vichemke. Siku ya kwanza nilikula vijiko vichache tu nikasubiri hadi kesho yake. Unaobaki huukausha na kuuhifadhi kwenye chupa. Wenzangu huniuliza kwa nini siuzi, ilhali bei yake ni kubwa: sheria ya Michigan inataka uyoga wa porini unaouzwa ukaguliwe na mtaalamu aliyethibitishwa, nami cheti hicho sina.