Namna Nilivyoendelea Kupeleka Maparachichi Ulaya Bahari ya Shamu Ilipoingia Vita

Biashara yangu ni kununua maparachichi ya aina ya Hass kutoka kwa wakulima wa Murang'a na kuyapeleka Rotterdam katika makontena ya baridi kupitia bandari ya Mombasa. Wahouthi, waasi wa Yemen waliosema wanashambulia meli kwa ajili ya vita vya Gaza, walipoiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023, mavuno makuu yalikuwa yamekwisha, hivyo nilipata nafasi ya kutazama mambo yakigeuka kabla ya kupakia tena. Desemba ile ile, kampuni kubwa kama Maersk na Hapag-Lloyd zilisimamisha safari za kupitia Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu kuelekea mfereji wa Suez, na meli zikaanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Wenzangu wengi walilalamikia nauli. Nauli ilipanda kweli, na ada za ziada zilitozwa hata kwa shehena zilizopita kusini, mbali kabisa na makombora, kwa hoja kwamba safari ndefu hula mafuta mengi na huchelewesha makontena matupu kurudi. Hata hivyo, nauli mtu anaweza kuijadili na kugawana mzigo wake na mnunuzi, ilhali karibu wiki mbili zilizoongezeka baharini hazina wa kuzijadili. Parachichi lililochumwa huendelea kupumua, na likipakiwa likiwa limekomaa mno hufika laini na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa sababu hiyo nilianzia shambani. Kwa kanuni za Kenya, Hass la kuuzwa nje halichumwi kabla uzito wake mkavu, yaani unaobaki maji yote yakiondolewa, haujafika asilimia 24, lakini kiwango cha juu kila mfanyabiashara hujipangia. Niliamua kwamba tunda lililozidi asilimia 27 halitapanda meli ya Ulaya hata likiwa zuri kiasi gani. Nililipia pia makontena yanayodhibiti hewa, ambayo hupunguza oksijeni na kuongeza kabonidioksaidi ili tunda lililopoozwa kwa takriban nyuzi 5 lilale usingizi mrefu zaidi, na katika kila kontena nikaweka kifaa cha kurekodi joto, kwa kuwa mzigo ukiharibika njiani kila mhusika humnyoshea mwenzake kidole.

Matunda yaliyovuka kiwango hicho niliyaelekeza Dubai. Ukitazama ramani utaona kwamba meli itokayo Mombasa kwenda Jebel Ali, bandari ya Dubai, haihitaji kuingia Bahari ya Shamu hata kidogo. Bei ya huko ilikuwa chini ya ile ya Rotterdam, lakini fedha zilirudi mapema, na kwa maoni yangu wauzaji wengi walichelewa kulithamini soko hilo. Yaliyobaki yalikwenda kwa wakamuaji wa mafuta.

Mkataba ndio uliochukua muda mrefu. Nilitaka hatari yote ihamie kwa mnunuzi mara kontena linapopakiwa Mombasa. Akakataa, na sikushangaa. Tulikubaliana hatimaye kwamba ubora ukaguliwe pande zote mbili, katika ghala langu la kufungashia na bandarini Rotterdam, na kwamba meli ikizungukia Rasi, nilipwe bei ya chini iliyohakikishwa endapo kifaa kitaonyesha kuwa baridi haikukatika. Fedha za awali zilizotokana na makubaliano hayo ndizo zilizoniwezesha kuwalipa wakulima kwa wakati. Mzee mmoja wa Kandara alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, vita viko Yemen na miti yangu iko hapa, mbona mimi ndiye ningoje?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza isipokuwa malipo.

Mapema mwaka 2025 mapigano ya Gaza yaliposimama kwa muda, baadhi ya mawakala walianza kuniahidi kwamba njia ya Suez ingerejea karibuni. Niliendelea kupanga safari zangu kwa siku za Rasi, na Julai mwaka huo meli za Magic Seas na Eternity C zikazamishwa na Wahouthi ndani ya juma moja. Katika mikataba yangu sasa naandika bei mbili, moja ya Suez na moja ya Rasi, na inayotumika ni ile ya njia ambayo meli imepita kweli.