Siku Moja Maishani Mwangu: Maabara ya Seli, Nairobi

Saa kumi na moja unusu alfajiri niko ndani ya matatu, Jogoo Road. Saa moja nimeshavaa koti na glavu. Kazi yangu ni kutafuta saratani kwenye maji yaliyotolewa tumboni mwa mgonjwa. Maji hayo yana sababu nyingi: kifua kikuu, ini lililonyauka, saratani ya ovari, saratani ya mfuko wa chakula. Napokea chupa, nazungusha kwenye sentrifuji, napaka slaidi, natia rangi.

Saa nne kijana akasimama dirishani. "Daktari, maji ya mama yalitolewa jana. Bado tu?" Mimi ni mtaalamu wa maabara, si daktari, lakini nilimjibu. Saa tano akarudi. Saa sita akaja na karatasi ya damu: CEA, protini ya damu ambayo saratani huweza kuipandisha, iko juu. "Si hii imeshasema ni kansa? Mnangoja nini?"

Nilivua glavu nikaketi naye kwenye benchi. Nikamweleza kwamba CEA hupanda hata kwa mvutaji sigara au mwenye ugonjwa wa ini. Peke yake haitoshi. Tena seli za utando wa tumbo zikisumbuliwa huvimba, zikafanana na za saratani kiasi cha kumtatiza hata mjuzi. Ndiyo maana mashapo ya maji ya mama yake yalilala ndani ya nta, asubuhi nikayakata vipande vyembamba mno, na sasa kila kipande kinawekewa kingamwili yake, inayoshika protini ya aina fulani ya seli; ikishika, rangi ya kahawia hutokea. Dawa za ovari si za mfuko wa chakula, lazima tujue.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa majibu ni saa ngapi, mama?"

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Chemsha slaidi, osha, ngoja, osha tena. Slaidi ikikauka imeharibika, na seli ni chache, hakuna za kurudia. Githeri yangu ilipoa. Miguu iliwaka moto.

Jioni rangi ya kahawia ikajitokeza. Kingamwili MOC-31 na Ber-EP4, zinazoshika saratani ya aina hii, zimeshika; kalretinini, inayoshika seli za utando, imekataa: si seli za utando. PAX8, ambayo mara nyingi hushika saratani ya ovari, imekataa, ovari ikasogea mbali. CK7 na CDX2 zimeshika, na seli kadhaa kiini chake kimesukumwa pembeni, mfano wa pete ya muhuri: dalili hizo kwa pamoja huelekeza mfuko wa chakula. Daktari wa patholojia alitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika: saratani, yaelekea imetoka mfuko wa chakula, ithibitishwe kwa endoskopi, yaani kamera inayoshushwa kooni hadi tumboni. Kazi hiyo ilitoka mikononi mwangu, na ilikuwa safi.

Kijana alikuwa bado yuko. Majibu hutolewa na daktari wa wodi, kwa hiyo nilimwambia ripoti imetoka, apande juu akamwone.