Nilivyopanga upya majaribio ya muhogo

Niliratibu majaribio ya mbegu za muhogo katika vijiji 3 vya wilaya ya Mkuranga, mkoani Pwani. Tulitaka kulinganisha mbegu za wenyeji na zile zinazovumilia magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Mpango kazi ulifuata mwaka wa fedha wa mfadhili. Fedha ziliingia mwishoni mwa Novemba, na tulipomaliza manunuzi vuli ilikuwa inakatika.

Wenzangu walisema tupande hivyo hivyo, ripoti isichelewe. Nilikataa. Pingili ikipandwa kwenye udongo unaokauka, baadaye hutajua mche ulidumaa kwa ugonjwa au kwa kiu, na jaribio zima limekwenda na maji. Nikamwandikia mfadhili kuomba miezi 4, nikaambatanisha kalenda niliyoipanga kinyumenyume: nilianzia siku ya mavuno, nikarudi nyuma miezi 12, nikaangukia masika, mwezi Machi. Nikaeleza pia kazi za kusubiria mvua, yaani kukagua mashina ya kukatia pingili na kupima mashamba. Alikubali ndani ya wiki moja. Nadhani kilichomridhisha ni kuona muda ule una kazi.

Kueleza matokeo kulinisumbua zaidi. Michirizi ya kahawia hujificha: majani yanaweza kupendeza macho, kumbe muhogo wenyewe umeoza ndani. Mkulima atakuamini vipi kwa grafu? Siku ya mavuno tuling'oa mbele ya wote, tukakata kila muhogo vipande, tukavipanga kwenye turubai kwa aina ya mbegu. Watu waliinama, wakashika, wakanusa.

Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, ugonjwa tumeuona. Sasa chemsha tuonje."

Kuonja hakukuwamo kwenye mpango wala bajeti. Tukaazima sufuria nyumba ya jirani. Mbegu iliyoongoza kwa uzito wakaikataa: ilichemka muda mrefu na bado ina nyuzi. Waliipenda ya pili, laini, ya unga. Nilihuzunika kidogo, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo niliyokuwa nimeiandalia kurasa nyingi.

Ripoti niliiandika upya. Jedwali la uzito na la kuonja niliyaweka ukurasa mmoja, na pingili za masika yaliyofuata tulikata za mbegu ya pili.