Jumamosi Yangu kwa Wazazi Muheza: Vidonge, Mbuzi ya Nazi na Daftari la Baba

Wazazi wangu wanaishi Muheza, katika nyumba waliyoijenga baba alipostaafu ukarani wa shamba la mkonge, nami nafundisha shule ya msingi Tanga mjini, mwendo ambao kwa basi hauzidi saa moja. Baba ana miaka 79 na mama ana 73. Kwa muda mrefu nilikuwa nikienda asubuhi na kurudi jioni: nafika na mchele, sukari na sabuni, nawaamkia, nafua, napika, kisha naondoka nikiamini kwamba wajibu wangu nimeutimiza. Mwaka jana niliamua kufika Ijumaa usiku ili niione siku yao tangu inapoanza, na Jumamosi hiyo moja ilinionyesha mambo ambayo safari zangu za miaka mitatu hazikuwa zimenionyesha.

Baba huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilimsikia akifungua mlango wa uani, nikatoka na taa. Alikuwa amesimama penye bomba, mkono mmoja ukutani, akiinua mguu wa kulia ili auoshe kwa ajili ya udhu, na alipotaka kujiinua alipepesuka hata birika likamponyoka. Nilimdaka begani. Akaniambia kwa sauti ya chini, nadhani ili mama asisikie, kwamba kizunguzungu hicho kilikuwa kimemwandama kwa majuma kadhaa, na kwa kuwa kilimjia anapoinuka tu, hakuona haja ya kumsumbua mtu. Nilimletea kiti, akakaa, nikawa namtilia maji miguuni, na hapo ndipo nilipoviona vifundo vya miguu yake. Vilikuwa vimevimba, na nilipobonyeza kwa kidole gumba, kibonyeo kilibaki palepale kwa muda kabla ya nyama kurudi mahali pake.

Baada ya uji nilimwomba anionyeshe dawa zake. Alinipa kopo la maziwa ya unga ambamo vilikuwamo vidonge vya miezi mingi, vingine katika bahasha zilizoandikwa 1x1 kwa kalamu iliyofifia. Nilivimwaga mezani na kuanza kusoma kila pakiti, si jina kubwa la juu bali yale maandishi madogo ya chini yake yanayotaja dawa yenyewe. Pakiti mbili zenye majina na rangi tofauti zilikuwa na maandishi madogo yaleyale: amlodipini, yaani dawa ya kushusha presha, miligramu 10. Baba alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi. Moja aliandikiwa kliniki. Nyingine aliinunua duka la dawa wakati ile ya kwanza ilipokosekana, na ilipopatikana tena aliendelea na zote kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kimoja. Mtu mzima kwa kawaida hatakiwi kuzidisha miligramu 10 za dawa hiyo kwa siku, na kuvimba miguu ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana sana.

Sikutaka kuamua mwenyewe aache kipi. Tulipanda bajaji hadi kituo cha afya tukiwa na kopo lote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na kituoni lipo dirisha la wazee, lakini baba amekuwa akipanga foleni ndefu ya kawaida kwa kuwa hapendi kuwapita watu waliomtangulia. Siku hiyo nilimsihi, akakubali kwa shingo upande. Presha yake ilipimwa akiwa amekaa, ikasoma 104/60. Aliposimama ikashuka zaidi. Daktari wa zamu alielewa mara moja, akafuta pakiti moja na kutaka tumrudishe baada ya wiki mbili.

Kosa la chumba kile lilikuwa langu, na bado linaniuma. Daktari aliuliza maswali akinitazama mimi, nami nikawa najibu yote: anakula nini, analalaje, anakwenda haja mara ngapi, huku baba amekaa katikati yetu na kofia yake mapajani. Tulipotoka nje alisimama chini ya mwarobaini, akasema, "Mwanangu, nakushukuru. Lakini miguu ni yangu, na mdomo bado ninao." Nilimwomba radhi palepale. Kwa miaka 31 mtu huyu alishika vitabu vya mahudhurio ya wakata mkonge, akijua nani amefika, nani hakufika, na nani anadai siku ngapi. Nami kwa nusu saa nilimfanya kama mtoto aliyeletwa chanjo.

Njiani nilinunua daftari kubwa lenye mistari. Nilikuwa nimepanga kuchora mwenyewe jedwali la dawa na kulibandika ukutani, lakini baada ya maneno yale nilimkabidhi daftari na kalamu, nikamuuliza yeye angelipangaje. Alivaa miwani, akachora safu kwa rula: tarehe, jina la dawa, saa ya kumeza, sahihi. Akaongeza safu ya presha, kwa sababu jirani yetu ni muuguzi mstaafu mwenye kipimo, na safu ya mwisho akaiandika "Maelezo." Vidonge visivyohitajika, pamoja na vilivyokwisha muda, tulivifunga pamoja ili virudishwe kituoni.

Mama, wakati wote huo, alikuwa jikoni akisema kwamba yeye hana tatizo. Magoti yake yamesagika, hilo tulilijua, na dawa ya kuchua hununuliwa kila mwezi. Nisilolijua nililipata nilipomwogesha mchana na kumpaka mafuta ya nazi mgongoni, kwa maana kuna mambo ambayo mama huyasema akiwa amempa mtu mgongo. Nilimuuliza kwa nini midomo yake ni mikavu hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba kuanzia alasiri hanywi maji kabisa, kwa kuwa choo chetu ni cha kuchutama, na akichutama usiku hawezi kuinuka bila kumwita baba, na baba naye akiamka ghafla anaona kizunguzungu. Kwa hiyo mama alikuwa akikaa na kiu ili mumewe asianguke, naye baba alikuwa akificha kizunguzungu ili mkewe asihangaike. Nilimaliza kumpaka mafuta bila kuweza kusema neno.

Fundi seremala aliitwa kabla ya alasiri. Kiti kizito cha mninga kilichokuwa stoo alikitoboa tundu katikati, akalainisha kingo kwa msasa, akakiongezea mikono ya kushika na kukitua juu ya tundu la choo. Mama alikaa na kuinuka mara tatu akiwa amevaa nguo zake zote, akikijaribu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kazi ya pili ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Kile kibao kiko chini mno, na kwa magoti yale kukikalia ni adhabu, kwa hiyo binti wa jirani ndiye aliyekuwa akimkunia, na siku asipokuja wanakula mchuzi mkavu. Fundi alikiongezea miguu hadi kimo cha kiti cha kulia chakula. Mara ya kwanza kiliinamia mbele mama alipokandamiza nazi kwenye meno ya chuma, ikabidi miguu ya mbele ipanuliwe. Bakuli la kupokea nazi iliyokunwa tukalipandisha juu ya kigoda. Alikuna nazi nzima bila kupumzika, akachuja tui mwenyewe, na kisamvu cha usiku ule alikiunga yeye. Mimi nilichambua mchele tu.

Usiku nilizungumza kwa simu na kaka yangu aliyeko Mwanza. Tulikubaliana kwamba yeye alipe taa ya sola ya uani na ujira wa kijana wa kuchota maji bomba linapokauka, nami nilale Muheza kila Ijumaa ya pili.

Tulimrudisha baba kituoni baada ya wiki mbili. Nilikaa benchi la nje, akaingia peke yake na daftari kwapani. Presha ilikuwa 136/80 na vifundo vilikuwa vimepungua. Alipotoka alinipa daftari nilitazame. Kila siku ilikuwa na sahihi yake, kwa ule mwandiko wa kulalia kulia ninaoujua tangu utotoni, na katika safu ya maelezo, siku ya Alhamisi, alikuwa ameandika: "Mama yenu amekuna nazi mbili. Maji amekunywa hadi saa mbili usiku."