TiddlyWiki: noti hazijapotea, ziko Downloads

Anayeanza kutumia TiddlyWiki hulalamika hivi: nilihifadhi jana, leo nafungua faili na noti hazimo. Mara nyingi zipo, ila si kwenye faili alilofungua.

TiddlyWiki, aliyoianzisha Jeremy Ruston mwaka 2004, ni daftari lililo ndani ya faili moja la HTML: noti, mwonekano na programu yenyewe. Faili tupu lina takribani MB 2.5. Ukilibofya linafunguka kwenye kivinjari, lakini kivinjari hakiruhusu ukurasa kuandika juu ya faili lililo kwenye diski yako. Kinga hiyo ni ya haki, maana bila hiyo tovuti yoyote ingechezea nyaraka zako. Kwa hiyo ukihifadhi, TiddlyWiki hupakua nakala mpya kwenye Downloads, ikiwa na (1), kisha (2), nyuma ya jina. Faili lako la mwanzo, tuseme liko Documents, halikuguswa, na ndilo unalolifungua kesho. Tena kila nakala ni daftari zima: ukihifadhi mara 20, MB 50 zimekwenda.

Kuna mtego mwingine. Alama za vema ziko mbili. Ya juu ya noti unayoandika hufunga uhariri tu, na maneno yako yanabaki kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Ya kwenye upau wa pembeni ndiyo inayotengeneza faili, na huwa nyekundu kukiwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Ikiwa nyekundu, usifunge kichupo.

Zamani watumiaji wa Firefox walikuwa na kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha TiddlyFox kilichohifadhi palepale. Firefox 57, Novemba 2017, iliacha viendelezi vya mtindo ule, na tangu hapo mgeni hupewa orodha ndefu ya njia za kuhifadhi. Orodha hiyo humchanganya. Kwa maoni yangu aulizwe jambo moja tu: noti atazifungua kwenye kompyuta moja, au na kwenye simu pia?

Kama ni kompyuta moja, apewe TiddlyDesktop, programu ya kufungulia madaftari ya TiddlyWiki bila kivinjari. Inafanya kazi Windows, Mac na Linux: pakua zip, ifungue, iwashe, kisha ongeza faili lako. Huandika juu ya faili lilelile na inaweza kuweka nakala rudufu pembeni. Asiyeruhusiwa kuweka programu kwenye kompyuta ya ofisi aingie mipangilio ya kivinjari, sehemu ya vipakuliwa, awashe chaguo la kuulizwa kila mara faili lihifadhiwe wapi. Kila akihifadhi atachagua faili la awali na kukubali kulibadilisha. Inachosha kidogo, lakini (1) na (2) zinakoma. Asifungue faili hilo kwenye vichupo viwili, kwani kitakachohifadhiwa mwisho kitafuta kazi ya kingine.

Akihitaji na simu, Tiddlyhost, tovuti inayokuwekea daftari mtandaoni, ndiyo nyepesi: fungua akaunti, unda daftari, liache liwe la faragha, uhifadhi kwa kitufe kilekile. Inahitaji intaneti na uwe umeingia kwenye akaunti; vinginevyo haihifadhi. Mara mojamoja pakua nakala ukae nayo. Kwenye simu ya Android bila intaneti kuna programu ya Tiddloid.

Njia yoyote utakayochagua, ijaribu kabla ya kuandika la maana: andika noti moja, hifadhi, funga kichupo, kisha ufungue faili kutoka palepale ulipolifungua mwanzo. Noti isipoonekana, tazama Downloads.